Wembe wa Nazmi, Mashine za Muammer

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Julai, gari la Muammer lilikuwa linaingia mji wetu wa Ödemiş kutoka Ujerumani likiwa limefungwa mizigo mpaka juu ya paa, na halikuwa linakwenda nyumbani kwanza. Lilisimama kwenye mdomo wa uchochoro wetu wa maduka. Muammer alishuka na vumbi la Yugoslavia na Bulgaria mabegani, siku tatu hajanyoa wala hajalala sawasawa, akaingia moja kwa moja kwa Nazmi kinyozi. Mkewe Saadet na watoto wawili walibaki garini na jua la saa nane.

Jiko langu la chai liko mlango wa pili kutoka kwa Nazmi, kwa hiyo kazi ya kumtuliza Saadet ilikuwa yangu. Nilimpelekea chai dirishani, na watoto nikawapa soda. Mwaka mmoja aliniuliza, bila hata kutabasamu, "Shemeji Hilmi, mke mwenzangu hajambo?"

Sikumwelewa.

"Yule mwenye masharubu," akasema, akinionyesha duka la Nazmi kwa kidevu. "Mimi nimesafiri na mume wangu siku tatu, nimemmenyea mayai, nimemkanda shingo asisinzie barabarani. Tumefika tu, kakimbilia kwa bi mdogo."

Maneno hayo yalizunguka uchochoro mzima kabla Muammer hajafutwa povu, na kwa miaka mingi baadaye Nazmi akaitwa bi mdogo, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa ameshika wembe.

Wawili hawa walizaliwa nyuma ya msikiti mmoja, wakipishana mwezi. Nazmi aliwekwa kwa kinyozi akiwa mdogo, afagie nywele na kuchemsha maji. Siku bwana wake alipomruhusu hatimaye kunyoa uso wa mtu mzima, hakupatikana mtu wa kumtolea uso. Ni Muammer aliyejitokeza. Walikuwa na miaka kumi na saba wote, na ndevu zenyewe hazikuwa za kunyolewa. Nazmi alimkata chini ya mdomo, kovu lake lipo mpaka leo, na Muammer hakusema neno kwa sababu bwana alikuwa amesimama pembeni na angemchapa rafiki yake. Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka arobaini, hakuna mkono wa mtu mwingine uliomnyoa.

Kisha akaenda Ujerumani. Shamba la viazi la baba yake lilikuwa dogo na ndugu walikuwa wanne. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Walimwajiri kwenye kiwanda, na kiwanda chenyewe, kama bahati ilivyotaka, kilikuwa kinatengeneza mashine za umeme za kunyolea ndevu. Akapewa kiti kwenye mstari. Kazi yake ilikuwa kupachika visu vidogo chini ya kile kichwa cha wavu, kuwasha, kusogeza sikio, kusikiliza, kuzima, na kumpa wa pili. Alifanya hivyo miaka thelathini na minne.

Mwenyewe aliniambia habari hizi Julai moja, alipolazimika kusubiri jikoni kwangu kwa kuwa bwana harusi alikuwa kwenye kiti cha Nazmi na wapambe wake wameziba mlango. Nilimtania. Nilimwambia mtu anayetengeneza mashine elfu kwa siku kuja kusubiri wembe wa Nazmi ni sawa na muuza samaki anayefuata samaki mji mwingine.

Hakucheka. Alizungusha bilauri ya chai kwenye kisahani.

"Mashine hainyoi vibaya, Hilmi," akasema. "Nisiseme uongo juu ya kazi inayolisha watoto wangu. Inanyoa vizuri, haikukati, unaweza kunyoa gizani, unaweza kunyoa ukiwa na koti mwilini na funguo mkononi. Ndivyo ninavyofanya. Dakika tatu, natoka. Lakini miaka ile ya mwanzo, kabla Saadet hajaja, nilikaa kule mwaka mzima hakuna binadamu aliyenigusa uso. Unajua hilo linafanyaje? Mtu anakupa mkono kazini, basi. Hata Saadet alipokuja, yeye alikuwa zamu ya usiku na mimi ya mchana, tunapishana mlangoni kama walinzi. Nikikaa kwenye mstari nasikiliza zile mashine, nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Vile Nazmi anavyoweka vidole viwili shavuni na kuvuta ngozi kabla ya kushusha wembe. Hivi." Akajivuta shavu mwenyewe, halafu akaacha, kama aliyegundua kwamba anafanya jambo la aibu mbele ya watu.

Bwana harusi akatoka, wapambe wakapiga makofi, Muammer akaingia.

Nilikuwa napeleka chai mle ndani, kwa hiyo najua ilivyokuwa. Taulo ya moto kwanza, amefunikwa uso wote, pua tu nje. Kisha sabuni na brashi, mviringo juu ya mviringo, mpaka uso unakuwa kama keki. Wembe unapita mara ya kwanza ukifuata ndevu, povu tena, mara ya pili ukizipinga. Masikioni Nazmi aliwasha pamba iliyofungwa kwenye kijiti akayapiga kwa mwali wa moto, tap tap, vinyweleo vikaungua. Maji baridi, jiwe la shabu la kukausha damu, marashi ya limau viganjani na makofi mawili ya mashavu. Lakini mpaka kufikia marashi Muammer alikuwa amelala. Kila mwaka alilala, kinywa wazi, koo nje, na Nazmi alimwacha. Wateja waliambiwa wasubiri. Saadet nje alipiga honi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo Muammer alilifanya kwa roho safi.

Mfanyakazi wa kiwanda kile aliweza kununua mashine kwa bei ya chini, na mtu aliyetoka Ujerumani hawezi kuja mikono mitupu. Mwaka wa kwanza alimletea baba yake. Mwaka wa pili baba mkwe na imamu. Mwalimu mkuu akasikia, mfamasia akasikia, karani wa mahakama akamsimamisha Muammer njiani na kumwambia kwa utani ulio nusu utani, "Mjerumani wetu, na sisi tuna ndevu." Muammer hakujua kukataa. Kila Julai buti ya gari ilitoa maboksi kumi, kumi na tano. Alikuwa anazijaribu mwenyewe sikioni kabla ya kumpa mtu, na wazee walimwombea dua.

Wazee hao ndio waliokuwa wateja wa asubuhi wa Nazmi. Kabla ya mashine, kuanzia swala ya alfajiri mpaka saa nne, kiti chake hakikupoa. Mwalimu mkuu alinyolewa kila siku, mfamasia siku moja ndiyo na moja siyo, karani Jumatatu na Alhamisi. Walinyolewa, wakanywa chai yangu, wakagombana kuhusu serikali, wakaenda makazini wakinukia limau. Mashine zilipoenea wakaanza kuja mara moja kwa mwezi, kukata nywele tu. Mwalimu mkuu alipita mbele ya duka na kuinua kofia, akiona haya kidogo, mashavu yake yana weupe wa vumbi ambao mashine huwa inaacha.

Nazmi hakubadilisha kitu. Aliendelea kuchemsha maji alfajiri, kuweka taulo kwenye mvuke, kupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi, kwenda na kurudi, ingawa hakuna aliyekuja. Kisha alikaa kwenye kiti chake mwenyewe na kusoma gazeti. Nilipomletea chai nilimkuta pale, amejitazama kwenye kioo juu ya gazeti. Siku moja nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, kaka Nazmi, huyu rafiki yako anakumaliza, mwambie aache.

"Nimwambie nini?" akasema. "Asiwaletee watu zawadi?"

Nilidhani Muammer ataona mwenyewe. Hakuona. Yeye alikuwa anakuja Julai tu, na Julai kwetu ni mwezi wa harusi na tohara. Julai duka la Nazmi lilijaa mpaka nje, mabwana harusi, baba zao, wajomba zao. Katika akili ya Muammer duka lilikuwa hivyo mwaka mzima. Alikaa kule kwenye baridi akiwaza kiti kilichozungukwa na watu na kelele, kumbe wakati huohuo kinyozi alikuwa peke yake na gazeti.

Ikapita miaka miwili Muammer hakuja. Julai ya kwanza Saadet alipasuliwa goti, ya pili binti yao aliolewa kulekule. Na ndani ya miaka hiyo miwili mkono wa kulia wa Nazmi ukaanza kutetemeka.

Alianza kuuficha kwa kuegemeza kifundo kwenye bega la mteja. Akanyoa polepole zaidi. Baadaye, asubuhi moja, akamkata karani wa mahakama, aliyekuja kupunguzwa nywele, kwenye ncha ya sikio, mkato mdogo usiozidi punje ya mchele. Karani mwenyewe alicheka. Nazmi akamwekea shabu, akamalizia upande wa pili bila kosa, akamfuta, akamwombea afya, kisha akageuza kibao cha mlango kisomeke "Pamefungwa" na hakukigeuza tena. Daktari wa Izmir akaupa ugonjwa jina lake. Duka likachukuliwa na kijana anayeuza simu. Muammer alipopiga simu kwa majirani Nazmi alitukataza kumwambia. "Akiuliza kama nipo, mwambieni nipo," alisema. "Si uongo."

Muammer alistaafu, akauza fanicha, akarudi moja kwa moja. Ilikuwa Novemba, mvua, viazi vya vuli vimeshatoka na wakulima wanazurura mjini. Nilimwona ameshuka garini akiwa mnene kuliko nilivyomzoea, nywele zimekwisha, mashavu yana ndevu nyeupe za siku tatu. Saadet alishuka naye safari hii, akijikongoja na goti lake. Muammer alipita mbele ya jiko langu bila kuniona, akafika mahali palipokuwa na duka, akasimama. Dirishani zilining'inia kava za simu za rangi rangi.

Alirudi kwangu. "Hilmi," akasema, "amehamia wapi?"

Nikamkalisha. Nikamweleza mambo ya mkono, ya daktari, ya karani. Alisikiliza ameshika bilauri asinywe. Kisha akauliza wateja wake wa asubuhi wameenda kwa nani, mwalimu mkuu, mfamasia, wale wazee. Ningeweza kusema uongo. Niliona kwamba akikaa hapa mjini atausikia ukweli kwa mtu mwenye kinywa kibaya zaidi ya changu. Nikamwambia hawakwenda kwa mtu. Nikamwambia tangu lini.

Saadet akamwekea mkono mgongoni. Muammer alikuwa anahesabu kwa midomo, nadhani miaka, au maboksi.

Tulikwenda nyumbani kwa Nazmi siku ileile, saa kumi jioni. Mlango ulifunguliwa na Gulten, mke wa mwanawe, mikono ina unyevu. Alitwambia tungoje kidogo, alikuwa anamnyoa baba. Hatukungoja. Nazmi alikuwa kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha, taulo shingoni, mkono wa kulia ukicheza juu ya paja kama unaopiga ngoma isiyosikika. Gulten alikuwa na mashine. Ilikuwa ya zamani, yenye kifuniko cha rangi ya maziwa, moja ya zile za Muammer. Sijui ilitoka kwa marehemu gani.

Nazmi alimtazama rafiki yake na Muammer akamtazama. Gulten akaiwasha mashine.

"Visu vimekwisha makali," Muammer akasema.

"Nini, ami?"

"Sikiliza. Inakwaruza. Nipe."

Aliketi mezani, akaomba bisibisi ndogo na kitambaa na mafuta ya cherehani, akaifungua mashine mpaka vipande vyake vikaenea kwenye sinia la chai. Alifanya kazi robo saa nzima hajainua macho, na sisi tulikaa tunamtazama. Alipoiunganisha akaisogeza sikioni, akafumba macho. Ililia kama nyuki mmoja, sauti moja safi.

Nazmi akasema, "Umeitengeneza vizuri." Kisha akasema, "Sasa izime."

Muammer akaizima.

"Gulten ananinyoa kila siku ya pili," Nazmi akasema, "Mungu amlipe, hata mwanangu wa kumzaa hanifanyii hivyo. Lakini mwaka wa pili sasa sijaonja povu la moto. Zamani Alhamisi nilikuwa nanyoana na Cevat, kinyozi wa mtaa wa juu, mimi yeye, yeye mimi. Cevat kafa. Hawa vijana wapya wana kazi zao za kuchonga ndevu kama bustani, mzee anayetetemeka hawamtaki kwenye kiti. Nakaa hapa nanyolewa na ile sauti."

Muammer alianza kusema juu ya zawadi. Alisema vibaya, akarudia rudia kwamba hakujua, kwamba ilikuwa Julai, kwamba Julai palijaa. Nazmi alimwacha amalize.

"Mwaka wa tano wa mashine zako nilikuchukia," akasema. "Nakwambia kweli. Nilikaa kwenye kile kiti nikasema akija Julai nitamwambia anyolewe na mashine zake. Ukaja. Ukalala. Nikakaa nimeshika wembe, nakuangalia koo. Sasa mtu umemwachia koo namna hiyo, analala kama mtoto, atakuchukiaje? Nikasubiri uamke."

Gulten akatoka kwenda kuweka chai. Nami nikamfuata, kwa sababu wanaume wawili wa umri ule hawapendi kutazamwa wakilia.

Wazo la kujifunza wembe lilikuwa la Muammer. Nazmi alilikataa wiki nzima. Alisema mkono hufundishwa mtu akiwa mtoto, si akiwa na miaka hamsini na minane. Muammer akamjibu kwamba mkono wake ulikuwa umepachika visu vidogo kuliko ukucha kwa miaka thelathini na minne, na kama haufai kwa wembe basi haufai kwa kitu chochote. Mwishowe Nazmi akamwambia alete ayva.

Novemba ndio wakati wake. Ni tunda la njano, gumu, kubwa kama ngumi, na linapokaribia kuiva huwa na manyoya laini ya kijivu kama mashavu ya kijana anayebalehe. Kwa kuyanyoa hayo ndivyo bwana wake alivyomfundisha Nazmi. Muammer akaleta kikapu kizima. Siku tatu za kwanza hakugusa hata moja, alipitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi tu, na Nazmi akamsikiliza kutoka kitini. "Unaupiga. Usiupige, ubembeleze," alimwambia. Kisha povu. Kisha ayva, manyoya yatoke na ganda lisichubuke. Zile zilizochubuka Gulten alizipika na sukari na karafuu, na mwezi ule tulikula tamutamu hiyo mpaka meno yakauma. Wiki ya tatu zilikuwa zinabaki nzima, zinang'aa, na Gulten akalalamika kwamba hana cha kupika.

Baada ya ayva ilitakiwa ngozi ya mtu, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa nimenyolewa na Nazmi miaka thelathini, nikadhani koo langu limezoea. Alhamisi moja nilikaa kwenye kiti cha jikoni, Muammer akaniegemea akipumua kwa nguvu puani, na Nazmi pembeni akielekeza: laza wembe kidogo, zaidi, vuta ngozi, usimwangalie machoni, angalia ngozi. Alinikata mara mbili. Ya kwanza alisema samahani. Ya pili nilimwambia kwamba huko Ujerumani wangemfukuza kazi, na Nazmi akacheka mpaka mkono wake ukatulia kwa muda.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya swala, Muammer alimnyoa Nazmi.

Nilikuwepo. Ile taulo ilipoondolewa usoni na povu la moto likashuka kwenye shavu lake, Nazmi alitoa pumzi ndefu, na kichwa chake kikajilaza kwenye tumbo la Muammer kwa uzito wake wote. Kichwa nacho kilikuwa kimeanza kutikisika siku hizo. Muammer alikishika kwa mkono wa kushoto, akakibana kwake, akangoja kila mara mtikisiko upungue ndipo akashusha wembe, mstari mmoja mfupi, halafu akangoja tena. Ilichukua karibu saa nzima. Hakumkata. Tulimwambia "Iwe afya" sote watatu, na Nazmi akajipapasa kidevu kwa mkono ule unaotetemeka akasema kwamba chini ya sikio la kushoto pamebaki. Kweli palibaki.

Walifanya hivyo kila Ijumaa kwa majira ya baridi matatu. Muammer akawa mzuri kuliko wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini yeye mwenyewe aliendelea kujinyoa kwa mashine, asubuhi, dakika tatu, amesimama barazani. Saadet aliniambia kwamba siku za mwanzo alijaribu kujinyoa kwa wembe mbele ya kioo akaacha. Hakumwambia kwa nini. Mimi nadhani najua. Alikuwa amekaa miaka thelathini na minne akiisubiri ile taulo, na alirudi akakuta zamu imegeuka, na kila Ijumaa alimpa mwenzake kile kitu alichokuwa anakitaka yeye.

Nazmi naye alilijua hilo. Majira ya baridi ya pili, Ijumaa moja, alipokwisha kunyolewa hakuinuka. Alimwambia Muammer, "Kaa wewe."

"Acha, Nazmi."

"Kaa. Leo umetulia." Alikuwa anamaanisha mkono. Alikuwa amekunywa dawa mapema, na kweli ulikuwa umetulia kidogo.

Muammer akakaa. Alijipaka povu mwenyewe, akalaza kichwa, akafumba macho, akatoa koo kama zamani. Gulten alisimama mlangoni ameshika fremu. Nazmi aliweka vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto kwenye shavu la rafiki yake akavuta ngozi, na nikaona uso wa Muammer ukilegea wote, mpaka nikatazama chini. Kisha Nazmi akainua wembe kwa mkono wa kulia. Ulipokaribia, ukaanza. Akaushusha, akangoja, akauinua tena. Ukacheza hewani kama jani. Mara ya tatu alisimama muda mrefu sana, vidole bado shavuni, wembe hewani, na Muammer hakufumbua macho wala hakurudi nyuma hata kidogo. Angemwacha ashushe. Nina hakika angemwacha.

Nazmi akaukunja wembe. Akamwekea Muammer kwenye mfuko wa shati.

"Kajifute," akasema. "Povu linakauka."

Nazmi alifariki Februari ya majira yale ya tatu. Mwosha maiti alipokuja, Muammer aliomba nafasi amnyoe kwanza, akaambiwa ndevu za maiti haziguswi, huzikwa kama zilivyo. Alibisha kidogo, kisha akakubali. Zilikuwa ndevu za siku sita, maana Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Baada ya hapo Saadet alimhimiza atafute kinyozi. Wapo wazuri mji wa jirani, mmoja mzee kabisa, na Jumanne moja ya soko tulikwenda wote wawili. Mzee yule alimnyoa vizuri, taulo, povu mara mbili, hata ule mwali wa masikioni. Muammer hakusinzia. Njiani kurudi nilimuuliza ilikuwaje. "Anajua kazi," akasema, na tukazungumza habari ya bei za viazi. Hatukurudi tena. Siku hizi ananyoa kwa mashine siku anazokumbuka, na siku nyingine anaacha tu, Saadet analalamika kwamba amekuwa kama nungunungu.

Wiki iliyopita alikuja jikoni kwangu asubuhi na mapema, akakaa, na kabla sijamwekea chai akaniuliza Nazmi alikuwa anapiga mluzi wimbo gani wakati wa kupaka povu. Nikamwambia ule wa Izmir, wa harusi. Nikaupiga. Akasema sio, akapiga mwingine, na huo mimi sijawahi kuusikia kwa Nazmi. Tukabishana. Tukampigia Gulten, naye akasema baba hakuwa anapiga mluzi nyumbani, na siku zile za Ijumaa yeye ndiye aliyekuwa amepakwa povu. Basi tukavuka barabara kwenda kwa mfamasia, ambaye alikaa kwenye kiti kile miaka kumi kabla ya kuletewa mashine. Mfamasia alifikiri sana, ameshika miwani.

"Hakuwa anapiga mluzi," akasema. "Nazmi alikuwa akifanya kazi kimya."

Muammer alikasirika. Alimwambia mfamasia kwamba amezeeka, akatoka, akaelekea nyumbani bila kunywa chai yake. Nilimwona mpaka kwenye kona ya msikiti, anatembea polepole, amekunja midomo, anajaribu.